Mwanza: mita 60 ni za wauza mchicha tu? Gadeni za ufukweni zinamwagiwa mbolea ya DAP na hakuna anayeuliza

Wakuu, hili jambo limenikaba kooni tangu Jumamosi, acha nilitoe.

Kazi yangu ni gadeni. Napanda nyasi, nauza miche, nakata fensi za maua, mwaka wa kumi na moja huu hapa Mwanza, na wateja wangu wengi wako upande wa ziwani maana huko ndo kwenye nyumba zenye eneo la kupanda nyasi. Jumamosi bosi mmoja (simtaji, na mtaa sitaji) kanipigia niende na mifuko miwili ya DAP niimwage kwenye nyasi zake, ana shughuli mwezi ujao anataka zing'ae. Nyasi zenyewe zinaanzia barazani zinashuka mpaka kwenye mawe ya ziwa, ukisimama mwisho wa gadeni ukitema mate yanaangukia majini. Hapo zamani palikuwa na mafunjo, yaling'olewa yote ili apate "view". Na siku hiyo wingu lilishajikusanya kule ziwani, mtu wa Mwanza hahitaji kuambiwa wingu lile linakuja kufanya nini.

Nikamwambia bosi, DAP ni mbolea ya kupandia. Ni ya kitu kinachoanza kushika mizizi. Nyasi zako zina miaka sita, zimeshashika, na mvua hii itasomba kila kitu. Niache nizikate ndefu kidogo na mabaki niyaache palepale yaozee, ni mbolea tosha. Akaniuliza nalipwa kumwaga au kumfundisha. Nikaondoka, na kibarua kimeota nyasi.

Jumapili mwenzangu mmoja wa kazi hizi ananiambia yeye ndo kaenda kumwaga, mifuko yote miwili, saa kumi jioni, mvua ikashuka kabla hata giza halijaingia. Punje zilizoangukia kwenye pevingi hakuna aliyezifagia, zikaenda na maji mtaroni, na mtaro ule hauna mahali popote maji yanachujwa, unamwaga ziwani hivyohivyo. Simlaumu sana, ana watoto. Ila hebu piga hesabu. Mfuko wa kilo 50 umeandikwa 18-46-0, ile 46 ya katikati ndo fosfati, ukitafuta fosforasi yenyewe humo ndani unapata kama kilo 10. Mifuko miwili kilo 20, kwa nyumba moja, kwa jioni moja, kwa nyasi ambazo hakuna hata mbuzi anazila!

Sasa kinachoniuma hasa ni hiki. Mama yangu mkubwa alikuwa na matuta ya mchicha na chainizi karibu na maji, alilima pale miaka na miaka, kasomesha watu wawili kwa yale matuta. Wakaja mgambo, wakang'oa, ndoo yake ya kumwagilia wakaondoka nayo, wakamwambia sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Na kweli inakataza, kifungu cha 57, nimekisoma mwenyewe. Mimi sheria hiyo naiunga mkono kabisa, hata samadi yake mama mkubwa ikisombwa inachafua, sibishi. Lakini mita 60 zinapimwaje kwa mama mwenye ndoo halafu zikifika kwenye ukuta wenye kamera futi kamba inaisha? Nimeenda kuuliza kwenye ofisi husika kama kuna sheria ndogo yoyote ya mbolea za gadeni, nikaambiwa niandike barua. Nimeuliza wapi mmemwandikia barua mama mkubwa kabla ya kumng'olea mboga, kimya.

Na msije hapa kuniambia gadeni ni kitu kidogo. Najua. Najua mito inaleta udongo na mbolea za mashambani, najua vinyesi vya mjini vinashuka na mto Mirongo, na fosforasi nyingi inaingia ziwani hata kupitia hewani, moshi wa mapori yanayochomwa na vumbi. Hayo kuyazuia ni kazi ya miaka na nchi kadhaa. Hii ya kumwaga mbolea ya kupandia kwenye nyasi kubwa inazuilika kesho asubuhi bila mkopo wa mtu, na hakuna mtu atakayelala njaa kwa sababu nyasi zake zimepauka.

Ziwa letu ni pana lakini si la kina kirefu, wastani ni mita 40 tu, na mto unaotoka ni mmoja, Nile kule Jinja, maji mengine yanaondoka kwa mvuke na mvuke haubebi fosforasi. Fosforasi inayoingia inakaa, na ndo chakula cha magugu na ukijani wa majini. Ndo maana magugumaji tunapigana nayo tangu miaka ya tisini, ndo maana kuna siku maji ya pembeni yanakuwa kama rangi ya kijani imemwagwa na harufu juu. Ule ukijani mwingine ni bakteria wanaotoa sumu ya ini, na sumu hiyo KUCHEMSHA HAKUITOI. Toledo kule Marekani, Agosti 2014, watu karibu laki tano waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu hiyohiyo, ziwa lao Erie. Sisi mji mzima tunakunywa kutoka ziwa hilihili na tunajipa moyo kwa sufuria.

Wenzetu wamefanya. Jimbo la Minnesota limekataza mbolea yenye fosforasi kwenye nyasi za nyumbani jimbo zima tangu 2005. Ile namba ya katikati kwenye mfuko iwe sifuri, basi, isipokuwa unapanda nyasi mpya au umepima udongo ukaonekana una upungufu. Na mbolea ikimwagika kwenye sakafu au barabara unaizoa hapohapo. Hakuna kitu cha ajabu hapo ambacho baraza la madiwani haliwezi kuandika kwenye ukurasa mmoja. Waongeze na hili: ukanda wa mita 60 mbele ya nyumba hizo mafunjo na matete yarudi, kwa gharama ya aliyeyang'oa, maana yale ndo yalikuwa yanatuchujia maji bure.

Kama humu kuna diwani wa kata yoyote ya ufukweni, sema hapa kikao kijacho cha baraza ni lini. Nitakuja na mfuko mtupu wa DAP, niliuokota kwenye mtaro wa ile nyumba, na mama mkubwa kasema anakuja na mimi.