Mhadhiri kukataza Wikipedia kwenye asaimenti, ni haki?

Msaka_GPA: Wakuu, mhadhiri wetu kasema atakayeweka Wikipedia kwenye marejeo anakatwa alama kumi. Kitabu alichoelekeza maktaba kina nakala mbili na darasa limejaa hadi dirishani. Yuko sawa?

Kipanga: Sawa kabisa. Ukurasa ambao hata dogo wa fomu tuu anauhariri si marejeo ya chuo.

BintiPwani: Acha hizo. Jarida la sayansi la Nature lilishaipambanisha na ensaiklopidia ya Britannica, Wikipedia ikashinda.

Kipanga: Haikushinda. Ilikuwa 2005, makala za sayansi tu: Wikipedia wastani wa makosa manne kwa makala, Britannica matatu. Britannica wenyewe walikataa matokeo. Tusome zaidi ya kichwa cha habari, dada.

BintiPwani: Manne kwa matatu, na Wikipedia ni bure! Halafu wanaokataza ndio hao hao wanaofundishia slaidi za enzi za Mkapa.

Mzee_wa_Rejeo: Mbona rahisi. Soma makala, shuka chini kwenye tanbihi, fungua chanzo chenyewe, taja hicho. Kwa tafiti za Afrika ingia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, ipo tangu 1998, na majarida mengi unapakua bure.

Mwl_Chaki: BintiPwani, hiyo ya slaidi imenigusa. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Hayo mapya niyatafute kwa bando la nani? Bando nanunua mwenyewe, na mwisho wa mwezi linagombana na nauli.

BintiPwani: Mwalimu, bando la kuangalia mechi linapatikana lakini?

Mwl_Chaki: Umeniona wapi naangalia mechi? Heshima kidogo binti.

Jogoo_la_Mtaa: 😂😂 Mwalimu kapaniki. Timu gani kwanza?

Kipanga: Si Wikipedia ilikuwa bure kwenye simu, hailii bando?

FundiSimu: Hiyo ni Wikipedia Zero, ilikuwa kwa mitandao ya baadhi ya nchi, wakaifunga 2018. Mwalimu, weka Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia. Unapakua faili mara moja penye waifai, basi, unasoma bila intaneti. Wenzako wakirushiana kwa memori kadi shule nzima inapata.

Msaka_GPA: Wakuu turudi kwenye mada, asaimenti ni Ijumaa.

Mwl_Chaki: FundiSimu, simu yangu itaibeba?

FundiSimu: Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia. Ya Kiingereza kamili na picha zake inazidi GB 90, chukua ile isiyo na picha.

Kipanga: Ya Kiswahili ya nini? Fizikia ya fomu siksi utaisomea humo?

BintiPwani: Na kwa nini isisomwe kwa Kiswahili? Newton alikuzuia?

Kipanga: Haya, tumeanza. Paper ya NECTA ikija kwa Kiingereza utamjibu Newton?