Mgongo: kuchua, hijama, kairopraktiki au fizio, ipi ina nafuu kweli?

MzeeWaSemi
Wakuu habari za mda huu. Naendesha semi Dar–Tunduma, mgongo wa chini unanimaliza, hasa nikishuka kwenye gari unakuta umekaza mpaka nanyooka kwa awamu kama jeki mbovu. Huu mwezi wa tano. Vidonge vya maumivu nimemeza mpaka tumbo limeanza kulalamika, eksirei wamesema mifupa iko poa. Sasa vidonge basi, nataka mikono ya mtu. Kuna anaeniambia hijama ya vikombe, mwingine masaji, mwingine fizio wa mazoezi ya viungo, mwingine makairopraktoa, wale jamaa wa kukuvunjavunja mpaka mgongo unalia kokoko, na mke wangu yeye anasema nilale chini mtoto wa la pili anikanyage 😂 Mliopitia huko nilinganishieni, ipi ina nafuu na ipi ni kuliwa hela tu.

bint_Mkunazini
Pole kakaangu. Huku Unguja mtu akishikwa na kiuno anakandwa kwanza. Mafuta ya nazi unayapasha kidogo, unatia matone ya mafuta ya karafuu, machache tu maana yanaunguza ngozi, kisha unachuliwa pembeni ya uti, sio juu ya mfupa wenyewe, dole gumba linapanda polepole mpaka likute pale penye fundo, hapo ndo linatulia, utapiga kelele lakini utamshukuru mchuaji. Mwisho taulo la maji moto juu yake. Unalala fofofo! Ila nisikudanganye, nafuu yake siku mbili tatu, ukirudi kwenye usukani na yenyewe inarudi. Mtoto asikukanyage lakini, yule hajui anatia mguu wapi.

Abuu_Hijama
Assalaam alaykum. Mie nasimama na hijama, ni sunna na watu wanaiona raha yake, kule kwetu wazee walikuwa wanaumika kwa pembe ya ng'ombe kabla ya hivi vikombe vya plastiki. Kuna kavu, kikombe kinavuta tu, na kuna ya kuchanja inatoka damu. Wengi wanafuata tarehe 17, 19 au 21 za mwezi mwandamo. Kama unaogopa damu anza na kavu, yale mawaa mekundu ndo aliyoonekana nayo yule muogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio 2016, yanaondoka yenyewe.

mama_Tosha
@Abuu_Hijama sawa sheikh ila semeni na ya usafi jamani. Kuna sehemu nilienda nikaona vikombe vinasuuzwa kwenye beseni moja na mteja aliyetoka, nikavaa viatu vyangu nikaondoka. Wembe ufunguliwe mbele ya macho yako na vikombe viwe vipya, homa ya ini na ukimwi hazina mchezo. Na mwenye sikoseli, mjamzito au anaetumia dawa za kuyeyusha damu asichanjwe kabla hajaongea na daktari wake.

Kevo_Embakasi
Mimi nilienda kwa kairopraktoa hapa Nairobi, boss. Anakulaza ubavu, anakunja goti lako, anakusukuma mara moja, kooo! Nilitoka hapo nikitembea kama kijana. Lakini bei yake wacha tu, na kila ukirudi anakwambia bado pingili haijakaa sawa. Nikaacha.

mtu_wa_Minneapolis
@Kevo_Embakasi hiyo ya bado haijakaa naijua, huku Marekani wamejaa kila mtaa na wengine wanakuuzia pakeji ya miezi kabla hata hujavua koti. Chimbuko lake pia linachekesha, D. D. Palmer alianza 1895 kule Davenport, Iowa, na mgonjwa anaetajwa kuwa wa kwanza alikuwa na shida ya kusikia, sio mgongo! Ila sitawaponda wote, wapo wazuri, nao utawajua kwa kuwa wanakupa mazoezi na wanakwambia usirudi bila sababu.

FizioKaskazini
Ndugu zangu naingia kidogo maana ndo kazi yangu. Ule mlio sio mfupa kurudi mahali pake, ni gesi kwenye ute wa kiungo, kwa iyo mlio mkubwa sio nafuu kubwa. Kwa mgongo wa muda mrefu, zaidi ya miezi mitatu, mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa 2023 unakubali masaji, kunyoosha pingili, hata sindano za Kichina, lakini pamoja na mazoezi na elimu. Waingereza kwenye wa kwao wa 2016 sindano walizikataa, na masaji wanasema isitolewe bila mazoezi. Yaani mikono inafungua mlango tu, misuli ndo inakuweka ndani.

@MzeeWaSemi maumivu yanashuka mguuni? Kuna ganzi sehemu za siri, mkojo unakusumbua, homa za jioni, unapungua uzito? Ikiwepo hata moja achana na wachuaji wote nenda hospitali kwanza, TB ya uti wa mgongo ipo sana kwetu na watu wanaikanda tu. Shingo nayo usimpe mtu wa mtaani aivunjevunje.

MzeeWaSemi
Hapana mkuu, mguuni haishuki, mkojo fresh. Ni kiuno tu kukaza. Sasa mazoezi nafanyia wapi mie nalala kwenye kebini?

FizioKaskazini
Yanatosha hapohapo. Kila ukisimama kupumzika zunguka gari lako kwa miguu, kisha simama, mikono kiunoni, jipinde nyuma taratibu kama mara kumi. Usiku lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio, hesabu mpaka tano, shusha. Ukifika Dar tafuta fizio akupime mwenyewe, masaji ya bint_Mkunazini endelea nayo, haina ubaya.

MzeeWaSemi
Poa, hijama naiweka pembeni kwanza, sheikh usinune. Na mkanda wa kiunoni niliouziwa Kariakoo je?

FizioKaskazini
Kwa mgongo wa muda mrefu WHO hawaushauri. Na ile pochi ya mfuko wa nyuma, maana madereva nawajua, itoe kabla hujakaa.