MREJESHO: Nimechagua stashahada ya uuguzi, kidato cha tano nimekiacha

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Mimi ndiye yule binti wa Ujiji niliyeuliza: nimepangiwa kidato cha tano PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), lakini moyo wangu uko kwenye uuguzi, niende wapi?

Dada mmoja muuguzi alinielewesha kitu nilichokuwa sikijui. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka 3, na kila mwaka una ngazi yake ya mafunzo ya ufundi: ya 4, ya 5, ya 6. Ukifaulu vizuri, mlango wa shahada bado upo. Nilikuwa naamini nikiacha PCB ndiyo basi tena! Na ufaulu wangu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia wa kidato cha nne ulitosha kuombea.

Kilichoamua hasa ni nyumbani. Mama anauza dagaa, na nyuma yangu wapo wadogo watatu. PCB miaka 2, shahada ya uuguzi 4, kisha mwaka wa mazoezi kazini. Nilipompigia hesabu hiyo alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, nenda kwenye njia ninayoweza kukusindikiza."

Basi nimepata nafasi chuo cha Kabanga, kule Kasulu. Ada tutalipa kwa awamu. Mjomba, yeye bado amenuna, alitaka daktari.

Nikimaliza nitafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga nipate leseni. Nataka wodi ya wazazi. Mama alinizaa mimi kwa shida sana, na mkunga aliyemshika mkono usiku ule anamtaja mpaka leo.

Asanteni sana.