Naomba ushauri: neno «germane» nilitafsirije?

Ndugu wapenzi wa lugha, shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Niko Newala, Mtwara, na chama chetu cha msingi kimenikabidhi barua ya Kiingereza ya mnunuzi wa korosho, inayodai kwamba hali ya magunia yetu si «germane» kwa suala la unyevu wa korosho. Katibu alilisoma neno hilo akadhani tunatajiwa Wajerumani, nami sikumlaumu, kwa kuwa anatoka Mikindani na boma la Wajerumani lililoko huko amekua akiliona.

Nimepekua kamusi na kukuta kwamba asili yake ni neno la Kilatini «germanus», yaani ndugu wa baba na mama mmoja, lililopitia Kifaransa cha kale, na ndilo lililowapa Wahispania «hermano», kaka. Maana ya kuhusiana kwa karibu na jambo linalozungumzwa inaonekana tayari katika Hamlet ya Shakespeare, iliyoandikwa karibu mwaka 1600. Kumbe jambo la namna hiyo ni toka nitoke na hoja yenyewe!

Nimejaribu «halihusiani», lakini naona ni pana mno, kwani magunia yaliyolowa yanahusiana na unyevu kwa namna fulani. Mnunuzi anakanusha uhusiano wa karibu tu.

Je, «halina uhusiano wa moja kwa moja» linatosha katika barua rasmi? Na je, «halina udugu na hoja» litaeleweka, au wazee wa chama watanicheka?