Corvair, Falcon au Valiant: gari lenyewe au kigari chake cha promo?

Bodi_Ngumu: Wakuu, salama? Niko Ohio, gereji yangu inaingia gari moja tu. Nazipenda zile ndogo za Detroit za modeli ya 1960: Chevrolet Corvair, Ford Falcon na Valiant ya Chrysler. Nichukue ipi? Au nikusanye vile vigari vya promo, vya plastiki vya skeli 1:25, ambavyo wauza magari walikuwa wakiwapa wateja?

SilindaSita: Falcon, mkuu. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari, fundi yeyote anaielewa. Mustang ya kwanza ilitokana nayo, kwa hiyo spea nyingi zinaingiliana. Kagua kutu sakafuni kabla hujatoa hela.

FeniBelti: Falcon ni gari zuri, ila Corvair ndiyo iliyothubutu. Injini iko nyuma, ya aluminiamu, inapozwa kwa hewa. Ukifungua nyuma utaona belti inatoka kwenye puli iliyosimama, inakata kona, inakwenda kuzungusha feni iliyolala juu ya injini. Uzuri huo sijauona kwenye hizo nyingine mbili. Oili huvuja kwenye sili za mirija ya pushirodi (vile vifimbo vinavyosukuma valvu). Weka sili za kisasa zinazohimili joto. Kama maneno ya Ralph Nader, yule mwanasheria aliyeandika kwamba Corvair za mwanzo ni hatari, yanakutia hofu, tafuta ya 1965 kwenda mbele, sasipensheni ya nyuma ilisanifiwa upya.

BiUsukani: Valiant mnaiacha hivi hivi? Injini imelazwa upande kwa nyuzi 30, ngumu ajabu, na ilikuja na oltaneta wakati wenzake bado wako na dinamo. Halafu lile pambo la umbo la tairi kwenye mfuniko wa buti! Mimi nimeshachagua.

KabatiLaVioo: Kwenye promo, tazama plastiki kwanza. Vya zamani ni vya asetati, na asetati hupinda yenyewe miaka ikienda. Kiweke kigari juu ya kioo, ukiangalie kwa ubavu: kama katikati pamebonyea na bampa zimenyanyuka, kiache, hakinyooki tena. Vya stairini vilivyofuata havina shida hiyo. Rangi zake zilifuata zile za kiwandani, kwa hiyo usikubali kilichopakwa upya hata kama kinang'aa.

Bodi_Ngumu: Asanteni sana. Nakwenda na Corvair ya 1965, na kigari cha promo cha Falcon, cha kampuni ya AMT, kwa ajili ya kabati. BiUsukani, tuwekee picha ya hiyo buti.