Petrov wa Aston Villa kansa ilitulia, sasa kwanini alistaafu?

Mwana Temeke
Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi hapa kijiweni tangu mchana hauishi. Yule Mbulgaria nahodha wa Aston Villa, Stiliyan Petrov, alikutwa na kansa ya damu mwezi wa tatu 2012, Agosti mwaka huohuo tukaambiwa imetulia, halafu Mei 2013 jamaa anatangaza kustaafu. Inakuwaje? Mwenzangu anasema alishauchoka mpira tu, mi nakataa. Mbona Abidal wa Barcelona alibadilishiwa ini 2012 na mwaka uliofuata akarudi uwanjani? Wenye kumbukumbu njooni.

Chura wa Jangwani
Huyo si ndo alidondoka uwanjani mechi na Spurs, wakamshtua moyo pale pale?

Kiungo Mkabaji
Hapana mkuu, huyo ni Fabrice Muamba wa Bolton, mzaliwa wa Kinshasa. Yeye moyo ulisimama tarehe 17 Machi 2012 White Hart Lane, uwanja wa Spurs wa wakati ule, robo fainali ya Kombe la FA. Ya Petrov ikatangazwa tarehe 30, mwezi uleule, ndo maana watu wanawachanganya. Ule mwezi ulikuwa mbaya jamani.

Petrov alicheza na Arsenal tarehe 24, wakafungwa 3-0, baada ya mechi homa ikampanda, kupimwa damu ndo ikaonekana. Yani wiki moja kabla mtu alikuwa anakimbizana na kina Arteta!! Mechi iliyofuata walikuwa nyumbani na Chelsea, mi nilikuwa kibanda umiza, dakika ya 19 mpira uko katikati tu hauna hata hatari, ghafla uwanja mzima unasimama unapiga makofi, sisi tunaulizana kuna nini, nani kafunga, mpaka mzee mmoja akasema jezi ya Petrov ni namba 19. Na hawakuishia hapo, dakika ya 19 walikuwa wanapiga kila mechi.

Dada wa Wodini
Naomba nijibu swali lenyewe maana naona mnakumbushana mechi tu 😂

Kansa kutulia na kupona ni vitu viwili. Kutulia maana yake vipimo havioni tena seli mbovu, lakini ukiacha dawa hapo hapo inarudi, kwa hiyo matibabu yanaendelea muda mrefu sana. Hii ya kwake ilikuwa ile kali inayokuja haraka: uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unazalisha seli nyeupe changa zisizo na kazi, zinajaza nafasi, damu nzuri inakosa pa kutengenezwa. Ndo unaona mtu anachoka, homa haziishi, akigongwa kidogo anavilia damu. Sasa kemo, yani zile dawa kali za kansa, inaua seli mbovu na nzima pamoja, kinga inashuka chini kabisa, misuli inaisha. Mtu wa hivyo umuweke chumba cha kubadilishia nguo na wanaume 25 wanaokohoa? Kafua ya kawaida tu inamlaza.

Abidal ni kesi nyingine kabisa. Uvimbe ulikuwa kwenye ini, ini likatolewa likawekwa lingine. Damu iko mwili mzima, utakata wapi?

Mwana Temeke
Hapo kwenye Abidal nimekuelewa sana dada. Lakini jamaa yangu bado anabisha, anasema kama mwili ulikuwa umegoma kweli mbona baadae alionekana anafanya mazoezi na Villa tena?

Kiungo Mkabaji
Hiyo ni kweli, ila angalia mwaka. Ni 2016, miaka minne baadae, Villa imeshashuka daraja, kocha Di Matteo. Petrov ana miaka 37, akafanya nao maandalizi ya msimu, mkataba hakupewa. Sasa niambie mtu aliyeuchoka mpira anarudi kukimbia na vijana wa miaka 20 akiwa na 37 kwa sababu gani? Alistaafu akiwa na 33, umri ambao kiungo wa aina yake, asiyetegemea mbio, alikuwa na misimu miwili mitatu mizuri tu. Celtic alikaa miaka saba, timu ya taifa mechi zaidi ya 100, huyo sio wa kuchoka.

Chura wa Jangwani
Na Muamba je, alirudi?

Kiungo Mkabaji
Hakurudi. Agosti 2012 madaktari walimshauri aache, akaacha akiwa na miaka 24 tu.