Tupeane uzoefu: Nairobi hadi New York na mzazi mzee, mlitumia saa ngapi?

Habari zenu wapendwa. Dada yangu amejifungua kule New York na mama, miaka 71, anataka kumwona mjukuu. Hajawahi kupanda ndege na magoti yanamsumbua. JKIA, uwanja wetu wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, ni takriban kilomita 11,800. Kuna ile ya Kenya Airways isiyotua njiani, iliyoanza Oktoba 2018, na kuna za kupitia Doha, Dubai au Ulaya. Waliosafiri na wazazi, niambieni saa za kweli, mlango hadi mlango.

Mama wa Donholm: Mimi nilipanda ya moja kwa moja, Januari. Tuliondoka saa tano na nusu usiku, tukatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilipoiona tiketi nilidhani ni saa saba tu! Kumbe saa ya kutua huandikwa kwa saa za kule, na wakati wa baridi wako nyuma yetu kwa saa nane. Angani ni saa kumi na tano. Kilichonichosha ni ule usiku. Unalala, unaamka, unakula, unalala tena, ukichungulia dirishani bado giza, maana ndege inalifuata giza linakoenda. Kufika, viatu vimekataa kuingia. Nilishuka na malapa. Mnunulie mama soksi za kubana miguu, na kiti kiwe cha kando ya ujia ili asiombe njia kila akitaka kusimama.

Fundi wa Embakasi: Kurudi ni kama saa kumi na nne, kwa sababu upepo wa juu kule Atlantiki huvuma kuja mashariki, unaisukuma ndege. Na kuondoka usiku kuna faida yake: uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya safari yote hiyo huinuka vizuri zaidi kukiwa na baridi kuliko jua la adhuhuri.

Kijana wa Eastleigh: Baba nilimpitisha Doha. Tuliruka saa tano, tukasubiri saa tisa, kisha tukaruka kumi na nne nyingine. Ni ndefu, sikatai, lakini alijinyoosha, akaswali, akala chakula cha moto. Kiti cha magurudumu omba siku ya kukata tiketi, usingoje uwanjani.

Wa Ruaka: Mvua ikinyesha, Mombasa Road peke yake, kwenda uwanjani, ilinila saa mbili na nusu. Lipia ile barabara ya juu.

Mwenye swali: Asanteni sana. Nimemsomea mama yote, amechagua ya moja kwa moja. Sasa amebaki na lake: unga wa wimbi kilo mbili, wa uji wa mzazi. Waliobeba, pale JFK mlipitaje?